Alichosikia Inspekta Ukutani

Jumatatu, 4 Februari

Dada,

Ngo, ngo, ngo. Halafu kimya. Halafu ngo moja, peke yake, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua.

Najua umeshaitambua. Ndivyo kilivyoisha kipindi cha Mgeni wa Chumba cha Mwisho: Inspekta anavua kofia, analaza sikio ukutani, upande wa pili kunagongwa, picha inazimika. Kipindi hakikurudi tena. Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na mitatu, na sauti ile haijanitoka hadi leo. Naisikia nikipiga mswaki. Naisikia kwenye mikutano.

Sasa shika kiti. Kituo chetu cha televisheni kimeamua kukirusha upya kipindi chote, na kanda zimeletwa mezani kwangu! Kanda za zamani huoza, Dada. Ukifungua kasha zinanuka siki. Kazi yangu ni kuzisafisha, kuzicheza polepole, kuzihamishia kwenye kompyuta na kuondoa mikwaruzo ya sauti. Naziokoa moja moja kama vifaranga.

Kwa kuwa huko mgodini kwenu simu haishiki, nimempa dereva wa lori la dawa flashi yenye vipindi vya mwanzo. Ukipata nafasi zahanati ikiwa tupu, tazama, uniandikie unachoona. Nami nitakuandikia. Tutazame pamoja kama zamani, tofauti ni kwamba safari hii hutanifunika macho.

Isije ikawa umesahau: mpokezi wa hoteli ametoweka. Hakuna aliyemwona akitoka. Inspekta anafika, na kila mgeni anaapa kwamba yule dada yuko chumba cha jirani. Inspekta anafungua chumba cha jirani: ndani kunanyesha mvua. Anafungua kinachofuata: farasi amelala kitandani na miwani usoni. Chumba kingine, mzee anapiga pasi magazeti. Na kila mara Mwenye Hoteli anatokea na sinia la chai, mpole kama mafuta, anasema, "Ametoka kidogo, atarudi."

Baba amefurahi sana. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, sukari imemaliza kazi yake, lakini anasema atasikiliza. Unakumbuka alivyokuwa akikaa katikati yetu, rimoti pajani? Wazazi wa wenzetu walikuwa wanawafukuza watoto kwenye vipindi vya kutisha. Wetu alikuwa anasema, "Ongeza sauti."

Mdogo wako,
Maswali


Jumanne, 19 Februari

Maswali wangu,

Flashi imefika pamoja na bandeji. Nimetazama vipindi viwili kwenye kompyuta ya zahanati, na Mpishi wa mgodi akajipachika pembeni bila kualikwa. Huyu bwana hawezi kutazama kimya.

"Muuguzi, huyo farasi anasoma nini?"

"Hasomi, amelala."

"Sasa kwa nini hakuvua miwani?"

Wewe uliyesoma, mjibu.

Nimeona kitu ambacho utotoni sikukiona. Mwenye Hoteli hajawahi kuulizwa swali hata moja. Inspekta anawahoji wageni, anamhoji mfagiaji, anamhoji hata farasi. Mwenye Hoteli anaambiwa asante kwa chai. Mpishi anasema kesi imekwisha, wamfunge huyo, wakalale. Nimemwambia kipindi hakikuisha hivyo. Akasema, "Basi walioandika wanamwogopa."

Sasa nisikilize, na usiikunje barua. Mama amelazwa. Figo. Nimeongea na muuguzi wa wodi kwa redio ya mgodi, na kwa lugha yetu ya kazi sijaipenda sauti yake. Hospitali iko upande wa pili wa mji wako, mabasi mawili tu. Haombi dawa wala tunda. Anaomba akuone. Miaka kumi na minane anaomba hilo hilo, na mimi miaka yote nakuletea, nawe unanirudishia kama bahasha iliyokosewa anwani.

Nenda, mdogo wangu. Usiende kusamehe. Nenda ukamwone tu.

Dada yako


Jumamosi, 2 Machi

Dada,

Mjibu Mpishi hivi: farasi hakuvua miwani kwa sababu hakujilaza mwenyewe. Alilazwa. Mtu akilala kwa hiari yake huvua vitu vyake. Nimeligundua hilo juzi na sikufanya kazi nyingine siku nzima.

Kuhusu yule mama. Wewe unaandika kama muuguzi, na wauguzi huhurumia kila aliye kitandani. Mimi nakumbuka hivi. Alikuwa mgonjwa siku chache, Baba akasema anaambukiza, tukakatazwa kumsogelea. Jumapili tukatazama kipindi cha mwisho. Jumatatu tukaamka jua liko juu, tumechelewa shule, Baba yuko jikoni anaunguza mkate, na mama hayupo. Hakuacha neno. Yeye aliyekuwa akituamsha kila siku ya Mungu, siku hiyo hakutuamsha hata kutuaga. "Ametoroka," Baba akasema, na ndiyo mara pekee nimemwona analia. Alipokuja baadaye kwenye geti la shule nilimpa mgongo. Ningempa tena leo.

Nani alinisuka nywele vibaya hadi nikachekwa? Baba. Nani alikaa nami usiku wa homa? Baba. Wewe mwenyewe uliondoka ulipofika kumi na minane, hukutazama nyuma, na sijakuuliza kwa nini. Basi nami niache na mzee wangu. Namchoma sindano, namsomea magazeti, namwekea kipindi. Jana alipomsikia Mwenye Hoteli alicheka, "Huyo ndiye mwenye akili kuliko wote humo ndani."

Bado nalala kile chumba cha nyuma. Juzi mgeni aliyeletwa na Shangazi alikosea mlango wa choo akaniuliza kwa nini chumba changu kina komeo upande wa nje. Nikamjibu kama Baba anavyojibu: zamani kilikuwa stoo, na stoo hufungwa kwa nje. Alinitazama kama vile mimi ndiye gunia la mkaa.

Kingine kinaniudhi. Wapenzi wa kipindi wana kundi lao mtandaoni. Nikaandika huko kuhusu ile ngo ya mwisho, kwamba ni tatu na moja, na kwamba idadi hiyo lazima ina maana. Walinicheka! Mmoja anayejiita Mzee wa Pasi akaniandikia: "Binti, hakuna kugonga pale. Inspekta anasikiliza kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Kundi zima likampigia makofi. Watu wamekariri hadi rangi ya soksi za Inspekta, lakini hakuna hata mmoja anayekumbuka sauti niliyoisikia mimi. Labda nakala walizonazo zimekatwa. Kanda halisi ninayo. Wiki mbili zijazo nitafika ya mwisho, nitawafunga midomo.

Maswali


Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Lori linaondoka sasa hivi, naandika nimesimama.

Kanda ya mwisho iache kwanza. Mpe mwenzako ofisini. Sauti za utotoni hazina risiti, mtu hawezi kuzidai popote. Huenda alikuwa jirani, huenda fundi. Nenda hospitali kwanza, ukirudi tutazame pamoja, nitaomba ruhusa nije. Nakuomba hilo tu, kwa mpangilio huo: kwanza Mama, halafu kanda.

Dada


Alhamisi, 21 Machi

Dada,

Hakuna kugonga.

Nimeisikiliza kanda ya mwisho kwa vipokea sauti vya studio hadi masikio yakauma. Nimesikiliza mkondo wa kushoto peke yake, na wa kulia peke yake. Nimepandisha sauti hadi nikasikia pumzi ya mwigizaji na kitambaa cha kola yake kikisugua ukuta. Nimeita fundi mkuu. Akaniambia, "Mama, hapo hawakurekodi kitu, waliacha kimya makusudi. Imeandikwa hata kwenye kasha." Nikatazama kasha. Imeandikwa: kimya hadi mwisho.

Nimefanya kazi hii miaka minne, najua tofauti ya sauti iliyofutwa na sauti ambayo haikuwapo. Hii haikuwapo.

Basi nilifanya jambo. Nilichukua nakala, nikaenda nayo nyumbani mchana, nikamwekea Baba. Alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli. Nilikaa mahali pale pale nilipokaa utotoni, kwenye mkeka, mgongo ukielekea korido. Mwenye Hoteli akasema "Ametoka kidogo, atarudi," Baba akacheka kama kawaida yake. Inspekta akavua kofia. Baba haoni, Dada, lakini alijua kofia imevuliwa. Muziki unakatika hapo. Sikio likagusa ukuta.

"Ongeza sauti," Baba akasema.

"Hapa hakuna sauti, Baba. Ni kimya."

"Nimesema ongeza."

Na mkono wake ukaanza kupapasa pajani kutafuta rimoti, ambayo hajaishika tangu macho yafe.

Nilizima. Nikamuuliza, "Nani alikuwa anagonga?"

Mkono wake uliacha kupapasa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia dawa, "Mama yako alikuwa na kelele." Na baada ya hapo, "Chai yangu iko wapi?"

Nilimletea chai. Sijui kwa nini. Nilitia hata ile sukari yake ya wagonjwa, nikakoroga.

Uliniambia kwanza Mama, halafu kanda. Kumbe ulijua mpangilio una maana. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulikaa upande wake wa kulia, ulikuwa unauona mlango wa korido. Usiniletee jirani. Usiniletee fundi. Niambie.

Maswali


Alhamisi, 28 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii itafika Jumanne. Ukiifungua ukiwa ofisini, soma hadi mwisho kisha toka moja kwa moja uende wodini. Usipite nyumbani.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amefunga begi la nguo zetu watatu, zako, zangu na zake, akalificha chini ya kitanda changu. Baba alilikuta. Usiku huo nilikuwa macho, nikasikia; wewe ulikuwa umelala kwa Shangazi. Asubuhi fundi alikuja kufunga komeo kwenye mlango wa stoo, na Baba akampa chai. Tukaambiwa mama anaambukiza. Chakula alikuwa anapeleka mwenyewe, wakati mwingine anasahau.

Hakugonga siku zote. Sijui alikuwa anangoja nini. Jumapili ile aligonga. Na hukukosea kuhesabu, Maswali, ni tatu na moja. Maana yake huikumbuki kwa sababu Jumatatu yake mambo yalikatika, na baada ya hapo tulikuwa tunaamshwa na saa. Ndivyo alivyokuwa akituamsha. Tatu zilikuwa zangu kwa sababu nalala kama gogo. Moja yako, maana wewe uliamka hata paka akipita. Alikuwa anatuita kwa zamu, mkubwa kwanza.

Nilisimama. Baba hakunigusa. Alisema, "Kaa. Sehemu nzuri imefika," akaongeza sauti. Wewe ukanivuta sketi ukasema, "Dada, wanagonga ukutani!" ukiwa na furaha kabisa, macho kwenye televisheni. Baba akakupapasa kichwa akasema, "Enhe, umesikia? Wanagonga." Nilikaa.

Alfajiri alimtoa, akamweka barabarani bila begi, akamwambia akionekana karibu na nyumba sisi ndio tutakaolipa. Alionekana mara moja, getini shuleni. Wewe ulimpa mgongo. Mimi jioni ile nililipa.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Nilipompata Mama, baada ya kuondoka nyumbani, nilitaka kukuambia siku ile ile. Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema, "Huyu mdogo ana mzazi mmoja anayempenda. Ukimwambia atakuwa hana hata mmoja." Nikamwambia, "Ana wewe." Akasema, "Mimi hanijui. Yule anamjua." Nikamwapia. Leo nimevunja kiapo, na sijisikii mwepesi kama watu wanavyosema.

Nimeomba ruhusa. Nashuka na lori la Alhamisi ijayo. Tangulia.

Dada yako


Alhamisi, 2 Mei

Dada,

Tangu tulipoachana makaburini nimeanza barua hii mara nyingi. Mwanzo wake wote unaujua. Ulinikuta kwenye benchi la wodi, na hukuniuliza nilifika lini, nami nikakushukuru kwa hilo. Basi nikuambie. Nilifika Jumanne ile ile, na barua yako mkononi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, shuka limenyooshwa hadi pembeni. Muuguzi akanitazama akasema, "Wewe ndiye yule mdogo," kama anayetaja jina. Mama alikuwa ameondoka Jumatatu alasiri. Jumatatu hiyo, Dada, nilikuwa studio, nasafisha mikwaruzo kwenye chumba cha mvua.

Ningekuwa nimekwenda uliponiomba Februari ningemkuta amekaa, anakula. Nilikuwa nashughulika na miwani ya farasi.

Nyumbani nimehama. Shangazi amekuja kumtunza kaka yake. Anasema mimi sina shukrani, na kwamba mtoto wa kike hata umfanyie nini atarudi kwa mama. Siku ya kuhama nilimwomba ampeleke Baba kliniki, nikabaki peke yangu ndani ya nyumba. Niliweka kinasa sauti sebuleni, kwenye mkeka, kimo cha kichwa cha mtoto wa miaka saba. Kisha nikaingia stoo, nikarudisha mlango, nikagonga.

Ngumi yangu haikujua nguvu ya kutumia. Mara ya kwanza niligonga kama mgeni. Mara ya pili kama polisi. Niliendelea hadi nikaacha kufikiri, na hapo ndipo nilipogonga kama mtu anayewaamsha watoto. Nikaisikiliza ile ya mwisho. Ni yenyewe. Ukuta ni ule ule, korido ni ile ile.

Nikachukua bisibisi, nikaling'oa komeo. Skrubu zake zilikuwa zimeota kutu hadi zikatoka na vipande vya mbao.

Sasa sikia nililolifanya. Usinishauri, limekwisha.

Nimezitia zile ngo kwenye kanda. Pale Inspekta anapolaza sikio ukutani, penye kimya cha makusudi, nimeweka tatu na moja. Nimeziweka chini kidogo, mahali ukuta unapopaswa kuziweka. Sikumwambia mtu. Fundi mkuu aliipitisha bila kusikiliza hadi mwisho, kwa kuwa ananiamini. Kipindi cha mwisho kimerushwa Jumapili.

Kundi la mtandaoni limechanganyikiwa. Wanaandikiana kurasa kwa kurasa: tatu ni nani, moja ni nani, mpokezi yuko hai, mpokezi alikuwa ndani ya hoteli siku zote. Mzee wa Pasi ameniandikia mbele ya watu wote, "Binti, naomba radhi. Zilikuwapo." Jumatatu nimemwambia bosi kwa mdomo wangu nilichofanya, na nimeacha kitambulisho getini. Alikuwa na haki ya kupiga kelele na alizipiga. Nakala safi ipo kabatini, hakuna kilichopotea. Wakitaka watarudisha kimya chao. Lakini imesikika mara moja, mji mzima, sauti ikiwa juu.

Shangazi alipiga simu jana.

"We mtoto, baba yako atanitia wazimu. Jumapili kipindi kinaisha, kanishika mkono hadi kaniumiza. 'Kafungue.' Nikafungue nini? 'Kafungue stoo, anagonga.'"

"Ukafungua?"

"Nifungue nini na mlango wenyewe hauna komeo? Uko wazi tangu uondoke! Nimemwambia hakuna mtu, hataki. Kila siku kukicha ni hayo hayo, kafungue, kafungue. Nimemshika mkono nikampeleka hadi ndani, kapapasa kitanda, kapapasa ukuta, kisha akaniambia nimemdanganya, nimempeleka chumba kingine. Sasa anakaa koridoni na kiti chake. Hali chakula. Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Njoo umwambie ilikuwa televisheni tu. Wewe atakusikia."

Kweli, mimi angenisikia. Ningeingia, ningemshika bega, ningesema Baba, ni mimi niliyegonga, ni kanda tu, kula. Maneno hayo yangemtosha. Nilikaa na simu sikioni, Shangazi akiita haloo, haloo, na nyuma yake nikamsikia Baba koridoni akisema kwa upole, kama anayembembeleza mtu aliye upande wa pili wa mlango, "Toka basi. Toka, wasichana wanakungoja."

Nilimwambia Shangazi sitakuja. Kisha nikaitoa laini kwenye simu nikaivunja.

Mwenye nyumba wa Mama amekubali nihamie chumba alichopanga Mama. Naandika nikiwa juu ya kitanda chake. Nikitaka kulala nafunga mlango mwenyewe, kwa ndani. Anwani ni ile uliyokuwa ukimwandikia yeye miaka yote. Niandikie hapo hapo.

Mdogo wako,
Maswali